Ekseli iliyoninyima bao la Musonda

BAO la Kennedy Musonda sikuliona. La Kibu Denis la kusawazisha nalo sikuliona. Jumapili ile ya Novemba 5, 2023, Uwanja wa Benjamin Mkapa umeshafurika na Dabi ya Kariakoo imeshaanza, mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, pembeni ya Barabara ya Kilwa, Mtoni kwa Aziz Ali. Tiketi nimeshakata, N-Card iko mfukoni, na macho yangu yote yako kwa fundi pikipiki anayepima kipande cha bomba kwa njiti ya mshikaki.

Ndiyo, njiti ya mshikaki. Ile inayochomekwa nyama.

Naandika habari hii kwenye kurasa za michezo kwa sababu najua wasomaji wake. Wengi wetu tunaokwenda kwa Mkapa, Chamazi au KMC pale Mwenge hatuendi kwa gari binafsi. Tunadandia boda. Anayetoka Mbagala, Kijichi au Toangoma anapanda boda. Anayetoka Bunju, Tegeta au Mabwepande anapanda boda mpaka kituoni, akishuka kwenye daladala anatafuta boda nyingine. Tunabishana wiki nzima kuhusu goti la mshambuliaji wetu, halafu siku ya mechi tunakaa nyuma ya mtu, mwendo wa sitini, juu ya gurudumu la mbele ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliangalia.

ILIVYOKUWA

Nilipanda pale Rangi Tatu saa kumi na robo. Dereva ni kijana niliyemzoea, mimi namwita dogo na yeye ananiita braza. Ni Simba wa kutupwa, na siku hiyo alikuwa amefunga bendera nyekundu kwenye kioo cha pembeni. Kwa boda wa Temeke siku ya dabi ni siku ya mavuno. Nauli inapanda, safari hazikatiki, na mwenye mkataba anaweza kupunguza deni la wiki nzima ndani ya saa nne. Kwa hiyo asubuhi ile alikuwa ameamkia kwa fundi. Gurudumu la mbele lilikuwa linacheza, beringi zimekwisha, hakutaka imkwamishe siku ya hela. Alinunua seti: ekseli, nati yake, bushi ya kati na beringi mbili. Muuzaji akamuuliza pikipiki gani, akaitaja jina. Akapewa. Ikafungwa. Ikaingia.

Hilo neno "ikaingia" ndilo litakalotusumbua mpaka mwisho wa makala haya.

Tulipopita Zakhem nilisikia hendo inatetemeka kidogo. Nikadhani ni barabara. Mbele kidogo pikipiki ikaanza kuwa nzito, kama mtu anayekimbia na mchanga kwenye viatu. Dogo akaongeza mafuta. Pembeni yetu ilipita boda yenye mishkaki ya watu watatu waliovaa kijani na njano, wakatupigia vuvuzela masikioni. Dogo hakujibu hata tusi, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo. Tulipokaribia Aziz Ali nikanusa harufu ya grisi inayoungua. Akaweka pembeni, akagusa katikati ya gurudumu la mbele, akarudisha mkono haraka na kuupuliza.

Fundi wa kijiweni alianza na breki, kama ambavyo fundi yeyote angeanza. Pikipiki ile ni ya Kichina, mbele ina breki ya diski, na padi zikishikana na diski gurudumu hupata moto. Akafungua breki nzima, akaiweka kando. Gurudumu bado halizunguki. Akalegeza nati ya ekseli nusu mzunguko. Gurudumu likazunguka kama feni. Akakaza tena. Likasimama.

Akacheka. "Dogo, umeuziwa bushi ya mwenzako."

BUSHI YA KATI

Kwa asiyejua, nieleze kwa jinsi nilivyoelezwa pale pale huku redio ya kijiweni ikitangaza vikosi.

Gurudumu la mbele la pikipiki lina habu katikati. Ndani ya habu kuna beringi mbili, moja kila upande. Kati ya hizo beringi kuna kibomba cha chuma, ndiyo bushi ya kati. Ekseli inapita katikati ya vyote hivyo, kutoka mguu mmoja wa shokapu mpaka wa pili, na mwisho wake unafungwa nati. Ukikaza nati, nguvu yote inapita kwenye pete ya ndani ya beringi ya kwanza, inaingia kwenye bushi, inatokea kwenye pete ya ndani ya beringi ya pili. Bushi ikiwa na urefu sahihi, vitu hivyo vitatu vinakuwa kama nguzo moja iliyonyooka, na pete za nje zinazunguka na gurudumu bila shida.

Sasa bushi ikiwa fupi, hata kwa milimita moja, nguzo inakatika katikati. Nati inazisukuma pete za ndani zikutane, wakati pete za nje zimekaa mahali pake ndani ya habu. Gololi zilizoko katikati zinabanwa kwa ubavu. Beringi za aina hii zimetengenezwa kubeba uzito unaotoka juu kwenda chini, hazikutengenezwa kubanwa ubavuni namna hiyo. Ndiyo hapo inapata moto, grisi inayeyuka, na gololi zinaanza kula njia yake. Ukiendelea kukimbiza, siku moja beringi inakamata kabisa au inapasuka, na gurudumu la mbele likikamata ghafla hakuna dereva duniani anayelimudu.

Bushi ikizidi unywele mmoja si neno. Ikizidi sana, beringi ya pili haifiki kwenye makao yake, gurudumu linapata nafasi ya kutembea kushoto na kulia, na wewe uliyekaa nyuma unaona pikipiki inaogelea kwenye lami.

Tatizo la dogo lilikuwa la kwanza. Na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike. Bushi ile haikuwa feki. Beringi zilikuwa nzuri tu. Ekseli ilikuwa chuma kizuri. Ila pikipiki yenye jina lile lile imeletwa nchini kwa sura mbili, moja ina breki ya diski mbele, nyingine ina breki ya dramu. Habu zake si moja. Seti aliyopewa ilikuwa ya ndugu yake mwenye dramu.

JEZI NA SAIZI

Sisi watu wa mpira tunaijua vizuri habari ya feki. Tumenunua jezi Kariakoo, tukaifua mara mbili, nembo ikabanduka. Kwa hiyo ukimwambia shabiki kwamba spea imesumbua, jibu lake liko tayari, feki hiyo. Na kweli feki zipo nyingi. Ekseli ya chuma laini inayopinda kwenye shimo la kwanza ipo. Beringi iliyoandikwa jina kubwa la Japani lakini inapiga kelele baada ya wiki ipo. Shirika la Viwango, TBS, na Tume ya Ushindani wana kazi ya kupambana na hizo, na waendelee.

Lakini chukua jezi orijino kabisa, yenye nembo na kila kitu, saizi ya mtoto wa darasa la tatu. Mvalishe kipa mwenye kitambi. Jezi haina kosa lolote. Haimfai tu. Hilo ndilo jambo ambalo vita dhidi ya feki haiwezi kuligusa, maana hata ukisafisha Kariakoo yote kusibaki kitu feki hata kimoja, dogo bado angeuziwa bushi ya mwenzake. Spea za boda zinauzwa kwa jina. "Ya Boxer?" "Ndiyo." "Ya mbele?" "Ndiyo." Lete hela. Kwenye dirisha la duka nimewahi kuona boksi moja limeorodheshwa majina ya pikipiki matatu, kama mchezaji anayejinadi kwamba anacheza beki, kiungo na winga. Wapo wachezaji wa namna hiyo. Wengi wao ukiwaangalia vizuri hawachezi hata namba moja sawasawa.

Na pikipiki zetu ni mchanganyiko haswa. Boxer na TVS zinatoka India. SanLG, T-Better, Fekon, Haojue, Kinglion zinatoka China, na nyingi za Kichina umbo lake limetokana na Honda CG125 ya zamani, ile iliyoanza kuuzwa miaka ya 1970. Kwa kuwa zimefanana kwa macho, fundi anaamini vipuri vyake vinabadilishana. Baadhi vinabadilishana kweli. Mtego uko kwenye hivyo baadhi, kwa sababu ukishafanikiwa mara tatu, mara ya nne hupimi.

BERINGI INA NAMBA MGONGONI

Jambo lililonifurahisha pale kwenye ndoo ya rangi ni kugundua kwamba beringi, tofauti na ekseli, inajitambulisha yenyewe. Ina namba imeandikwa ubavuni, na namba hiyo si ya duka wala ya kiwanda kimoja. Ni utaratibu wa dunia nzima. Iwe imetoka Japani, China au India, 6301 ni 6301.

Tarakimu mbili za mwisho zinakwambia tundu la katikati. 00 ni milimita 10. 01 ni milimita 12. 02 ni milimita 15. 03 ni milimita 17. Kwa hiyo 6301 inapokea ekseli ya milimita 12, kipenyo chake cha nje ni milimita 37 na unene milimita 12. Ndugu yake 6201 ina tundu lile lile la milimita 12, lakini nje ni milimita 32 na unene 10. Halafu 6202 tundu ni 15, nje 35, unene 11.

Sasa angalia balaa linavyoingia. Ekseli ya milimita 12 inapita kwenye 6301 na 6201 vizuri kabisa. Fundi akiona imepita anaridhika. Lakini ukiweka 6201 kwenye habu ya 6301, nje kuna pengo la milimita tano na beringi inadondoka yenyewe, hapo hata mlevi anagundua. Hatari ni pale pengo linapokuwa dogo. Weka 6202 kwenye habu ya 6301, nje pengo ni milimita mbili tu, yaani moja kila upande. Hapo ndipo linapotafutwa kopo la soda. Linakatwa, linazungushiwa beringi, linapigwa nyundo, linakaa. Na ndani, tundu la milimita 15 linapokea ekseli ya milimita 12, nalo linavishwa kopo lake. Gurudumu zima sasa limeshikiliwa na vipande viwili vya kopo la soda, na juu yake tumekaa watu wawili tunaimba.

Sisemi kila fundi anafanya hivyo. Fundi wa Aziz Ali aliponiona nauliza sana alinionyesha kopo la namna hiyo alilolitoa kwenye pikipiki ya mtu. Lilikuwa limesagika kama karatasi ya sigara.

Nati nayo ina vituko vyake. Ekseli mbili zenye unene mmoja zinaweza kuwa na nyuzi tofauti, moja zimekaribiana na nyingine zimeachana. Nati isiyo yake inakubali mizunguko miwili au mitatu, kisha inakuwa ngumu. Fundi anaweka bomba kwenye spana apate nguvu, nati inalazimika, nyuzi zinasagika, na kuanzia hapo imeshikilia kwa huruma ya Mungu. Ila mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ni ekseli ndefu. Nati inateremka mpaka nyuzi zinapoishia na kugota hapo. Mkono unahisi imekaza kabisa. Kumbe imejikaza yenyewe kwenye ekseli, shokapu na gurudumu havijabanwa na chochote. Fundi anafuta mikono, anapokea hela, dereva anaondoka.

SAHANI INAYOZUNGUKA

Hili la sasa linawahusu zaidi wenye breki ya dramu mbele, na Boxer za kazi nyingi ni za hivyo.

Brekishu zimefungwa kwenye sahani ya breki. Sahani hiyo haitakiwi kuzunguka. Gurudumu linazunguka, yenyewe inasimama. Ili isimame ina mfereji au kishikio, na mguu wa shokapu una jino linaloingia hapo. Ukishika breki, brekishu zinajaribu kuivuta sahani izunguke na gurudumu, na jino ndilo linalosema hapana.

Ukinunua shokapu isiyo yake, au sahani isiyo yake, jino na mfereji vinaweza visikutane. Ekseli inapita. Nati inakaza. Gurudumu linazunguka vizuri tu ukilijaribu kijiweni. Kila kitu kimeingia. Kisha unafika mtelemko wa Mzinga, mtoto anakatiza, unashika breki ya mbele. Sahani inazunguka na gurudumu, inaviringisha kebo ya breki na kuivuta zaidi, breki inajikaza yenyewe, gurudumu linakufa, na wewe na abiria mnaruka juu ya hendo. Haya yote yanaisha kabla hujamaliza kutamka jina la mama yako. Watu wakikusanyika wanasema alikuwa anakimbia. Bodaboda hawa bwana, wazembe.

Inawezekana alikuwa anakimbia. Mara nyingi wanakimbia, sitawatetea kwa hilo, nimekaa nyuma yao miaka mingi na nimesali sala zote ninazozijua. Lakini tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoweka utaratibu wa pikipiki kubeba abiria kwa leseni, mjadala wetu umekuwa wa kofia ngumu, leseni, mwendo na mishkaki. Yote ni ya haki. Sijawahi kuona mahali pikipiki ya abiria ikiinuliwa gurudumu la mbele na kutikiswa. Na wodi za MOI pale Muhimbili haziulizi kama umeletwa na mwendo au na bushi.

Kidude kingine kidogo kinachochokonoa watu ni gia ya spidimita. Imekaa ubavuni mwa habu, ina masikio mawili yanayotakiwa kuingia kwenye nafasi zake. Fundi mwenye haraka anakaza nati kabla masikio hayajakaa, yanapondeka, na gurudumu linakwaruza. Dawa ya mtaani ni kuitoa kabisa, ndiyo maana spidimita za boda nyingi zimekufa kitambo na dereva anakadiria mwendo kwa upepo wa usoni. Lakini gia ile ilikuwa na unene wake. Ukiitoa bila kuweka bushi ya unene ule ule umeacha pengo, na pengo kwenye ekseli ni lile lile tatizo la dogo likirudi kwa mlango wa nyuma.

UKIWA BUNJU

Kwa watu wa pembezoni shida inakuwa na gharama ya ziada. Aliyeko Ilala akiuziwa kisichofaa anarudi Kariakoo kwa miguu kugombana. Aliyeko Bunju, jirani na uwanja wa mazoezi wa Simba, yuko kama kilomita 30 kutoka mjini. Aliyeko Chamazi, jirani na uwanja wa Azam, naye ana safari yake. Duka la mtaani lina ekseli aina mbili au tatu, unachukua iliyopo. Ukirudisha, muuzaji anaangalia alama za spana na kukwambia imeshatumika hii, mzee. Na siku ya kutafuta spea ni siku isiyo na hesabu. Bosi anataka hela yake ya siku, mwenye mkataba anataka rejesho lake, hakuna anayeandika kwenye daftari kwamba leo kijana alikuwa anatafuta bushi ya urefu sahihi.

Kwa hiyo simlaumu dogo kwa kukubali "imeingia". Hata fundi wa asubuhi simlaumu sana. Alipewa vipuri, akaambiwa fanya haraka leo dabi. Ninachosema ni kwamba pale dukani kulikuwa na watu watatu, na kilichokosekana ni rula.

Maana dawa yenyewe ni ya kizamani. Usitupe spea mbovu. Peleka ekseli ya zamani, bushi ya zamani na beringi ya zamani dukani, uweke ya zamani na mpya bega kwa bega juu ya kaunta. Urefu, unene, nyuzi. Nati ya zamani iingie kwenye ekseli mpya kwa vidole bila spana. Namba ya beringi isomwe ubavuni, isisomwe kwenye boksi. Bushi ikikosekana, mjini wapo wachonga vyuma wanaochonga kibomba kwa urefu unaowatajia, na pale Chang'ombe, jirani kabisa na Uwanja wa Mkapa, VETA wanafundisha vijana kazi hizo hizo za vyuma. Shida ni kwamba ili uwatajie urefu, lazima uwe umepima.

Na abiria? Siwezi kukwambia ufungue gurudumu la mtu Rangi Tatu saa kumi jioni. Ila ukipita kwenye kijiwe, mwombe dereva uliyemzoea aiweke pikipiki kwenye stendi ya kati na kuinyanyua mbele kidogo. Lizungushe gurudumu kwa mkono. Lisimame taratibu lenyewe, lisikwame. Lishike juu na chini, ulitikise. Likigonga, kuna kitu. Ukishafika safari yako, dereva mwenyewe apitishe mkono karibu na habu bila kuigusa kwanza. Vuguvugu si neno, hasa kwa aliyekuwa anashika breki njiani. Moto wa kuunguza una maana nyingine. Yule fundi aliniambia jaribio lake la kwanza siku zote ni lile lile alilolifanya kwetu: legeza nati, zungusha, kaza nati, zungusha. Tofauti ikiwa kubwa, hahangaiki na kitu kingine, anatoa bushi.

KIPINDI CHA PILI

Narudi Aziz Ali. Fundi hakuwa na bushi ya pikipiki ile, lakini alikuwa na kopo la bushi kuukuu, akachomoa ndefu moja. Akagonga beringi moja ikatoka. Akasukuma ile njiti ya mshikaki kupitia habu mpaka ikagusa beringi ya upande wa pili, akaweka alama kwa ukucha pale beringi ya kwanza inapokaa. Akahamisha kipimo kwenye bushi, akakata kwa msumeno wa chuma akiacha kidogo zaidi ya alama, akaanza kupiga tupa. Anapiga, anapima. Anapiga, anapima. Redio ikapasuka, Musonda kafunga, kijiwe kikagawanyika vipande viwili. Fundi hakuinua kichwa. Kibu akasawazisha, dogo akaruka juu ya benchi, fundi akamwambia ashuke amshikie gurudumu.

Nilimuuliza kwa nini ananyanyasika na tupa wakati angeweza kuweka washa mbili akamaliza. Akasema washa mbili ni milimita tatu, na yeye anatafuta moja. Beringi aliirudisha kwa kuipiga kwenye pete ya nje tu, akitumia pete ya beringi nyingine iliyokufa kama kikalio cha nyundo. Ukipiga pete ya ndani, alisema, umeiua kabla haijafanya kazi. Akamwambia dogo beringi zote mbili zimeshaonja moto, amalize nazo siku hiyo kwa mwendo wa pole, kesho anunue mpya, na bushi hii asiitoe.

Nati ikakazwa. Gurudumu likazunguka kama feni.

Tulifika kwa Mkapa watu wanarudi kwenye viti kutoka mapumziko. Kwa hiyo mabao manne ya kipindi cha pili niliyaona yote: Max Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua kwa penalti. Yanga 5, Simba 1. Dogo alinisubiri nje kama tulivyokubaliana, bendera nyekundu ameshaikunja na kuiweka chini ya kiti. Alisema, braza, bora yule fundi angechelewa.

Ile bushi fupi hakuitupa. Aliitoboa pembeni, akapitisha waya, na mpaka leo ndiyo inayoning'inia kwenye funguo ya pikipiki yake. Akienda dukani anaiweka juu ya kaunta kabla hajataja jina la pikipiki, na kumwambia muuzaji kwamba hiyo sio anayoitaka.